Katazo la Mzee Lusotola

Marehemu Lusotola alimsalimia binti yake kutoka juu ya mti wa mninga, na kama kawaida yake alianza na kejeli.

"Mwangaluka, mheshimiwa wa ofisini. Mbona umekonda? Huko mjini wanakulisha karatasi?"

Nyanzobe alizima pikipiki yake ya umeme, akavua kofia ngumu, akabaki amesimama katikati ya njia. Alikuwa amejiandaa safari nzima. Alijua atasalimiwa, na mti wenyewe aliujua, maana yeye ndiye aliyeidhinisha chombo chenye sauti kitundikwe pale. Hata hivyo kila safari ilikuwa kama ya kwanza. Baba yake alizikwa masika ya mwaka juzi, na sasa alikuwa anamcheka.

"Shikamoo, baba," alijikuta anasema.

"Marahaba. Usiende nyumbani, hutamkuta mama yako. Yuko huku kwangu."

Halafu sauti ikacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba, kikahamia mti wa pili na wa tatu kuelekea mashariki, mpaka kikamezwa na nyasi. Nyanzobe alisimama akisikiliza hadi kikaisha. Alikuwa ofisa wa mpango, amesomea mambo haya, na bado nywele zilimsimama.

Watu wa Itundwe waliviita vitu vile mizinga ya maneno, na kweli vilifanana na mizinga: magogo mafupi yaliyotobolewa, yakatundikwa juu kwa kamba za magome. Ndani hamkuwa na nyuki. Mlikuwa na vihisi vilivyoonja unyevu wa majani na kusikia nyayo na mashoka, na mlikuwa na Msemaji, mashine iliyojibu kwa sauti ya mtu. Mtu akitaka fito, magome ya dawa au ruhusa ya kurina asali, alikwenda chini ya mti akauliza kwa mdomo wake, akajibiwa kwa mdomo. Mzinga mmoja uliuambia mwingine, na hakuna kilichohitaji mnara wa simu.

Kabla ya mizinga, Mpango wa Msitu Msikivu wa kulinda misitu ya vijiji ulikuwa wa kila mtu, kwa maneno ya vipeperushi vyake. Ila huyo kila mtu alitakiwa awe na simu nzuri, awe na mtandao, ajue kujaza fomu, na aweze kufika wilayani kwenye semina wakati mvua imeikata barabara. Itundwe hawakuwa navyo. Wakaonekana wakaidi, na msitu wao ukaendelea kuliwa na wakata mkaa kutoka mbali. Ndipo mtu mmoja ofisini akauliza swali la kichaa: itakuwaje msitu wenyewe ukisema, tena kwa sauti ya mtu ambaye kijiji kinamwamini? Mkutano wa kijiji ukamchagua Lusotola, mrina asali, aliyekuwa amefariki mwezi uleule. Tangu hapo hakuna mkaa uliotoka Itundwe. Ofisi ikajipongeza, na Nyanzobe akapandishwa cheo kwa kazi ya baba yake marehemu.

Kilichomleta leo kilikuwa kitalu cha mashariki, kipande cha msitu chenye nyasi ndefu. Nyasi za kitalu kile zilitakiwa zichomwe mapema, zikiwa bado na ubichi kidogo, ili moto upite chini kwa chini bila kuua miti. Kijiji kizima kilikuwa kinangoja ruhusa. Msemaji alikuwa amekifunga kitalu na hafungui.

"Baba," Nyanzobe alisema, akijitahidi kuisema kama ofisa, "majani ya kitalu cha mashariki yakoje?"

"Yamekauka. Upepo unageuka. Yasipochomwa sasa, yatajichoma yenyewe vibaya."

"Basi fungua kitalu."

"Sifungui."

"Kwa nini?"

"Sijapewa changu. Mpaka nipewe changu, hapa hapaingiliki."

Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe. Wanakijiji, siku ile ya mkutano, walishikilia jambo moja: Msemaji asiyeweza kukataa si mtu, ni redio. Ofisi ikakubali kuwe na katazo. Mwenye sauti akikataza kitu, vipimo vyote vya majani na upepo vinanyamaza, na katazo haliondolewi na yeyote ila mwenye sauti mwenyewe. Lilikuwa jambo zuri sana kwenye kikao. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwenye sauti alikuwa kaburini.

*

Bi Nshoma alikuwa amejenga kibanda cha nyasi ndani ya kitalu, nyasi kavu zikiwa zimesimama pande zote mpaka kifuani mwa mtu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anabangua karanga. Hakushangaa kumwona mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepita kwa baba yako?"

"Nimepita. Mama, unafanya nini huku?"

"Huoni? Nabangua karanga."

Nyanzobe alikaa chini akachukua konzi ya karanga, akaanza kubangua naye. Nyasi zilikuwa zinapiga kelele ndogondogo za ukavu kila upepo ulipogusa. Ungeweza kuzivunja kama vijiti vya kiberiti. Alitazama njia aliyojia, akaona jinsi ilivyo nyembamba.

"Twende nyumbani. Moto ukizuka hapa hutakuwa na pa kupitia."

"Ukizuka, baba yako ataniambia."

"Nitamwambia," ilisema sauti kutoka mti wa jirani, kwa upole wa mume aliyezeeka na mkewe.

Nyanzobe akainua kichwa. "Utamwambia nini, baba?"

"Nitamwambia abaki. Mke wangu, njoo tulale wote, huku baridi."

Bi Nshoma alitabasamu akiwa ameinamia ungo, tabasamu la msichana. Nyanzobe hakuwahi kuliona maisha yake yote, na aliogopa kuliko alivyoogopa kile kicheko njiani. Akaelewa kwamba moto ukija mama yake hataondoka, kwa kuwa mti utamwomba asiondoke.

Alirudi hadi mninga wa njiani, akavua ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni, kipande cheusi kidogo kama kijiwe cha kunolea kisu, akaugandisha kwenye shina, chini ya mzinga. Maofisa waliokuwa na ufunguo kama ule walikuwa wachache. Ulimruhusu kumuuliza Msemaji asili ya neno lolote alilolisema.

"Nionyeshe katazo limetoka wapi," alisema.

Mzinga ukamchezea rekodi. Kwanza mvua. Kisha majembe yakigonga udongo, watu wengi wakicheka, wanawake wakilia na kucheka kwa pamoja. Na kutoka mahali penye mwangwi, chini shimoni, mtu anapiga kelele: "Sitoki! Nani kasema nimekufa? Nipeni changu kwanza! Mpaka nipewe changu, hapa hapaingiliki! Mke wangu, njoo tulale wote, huku baridi!" Kicheko kikafuata, kilekile kirefu cha mtu aliyeshiba.

Nyanzobe hakuhudhuria mazishi yale. Alikuwa mafunzoni na mito ilikuwa imefurika. Lakini alikuwa mtoto wa Itundwe, na hakuhitaji kuelezwa. Yule aliyekuwa shimoni hakuwa baba yake. Alikuwa mtani.

*

Malogo alikuwa Mgogo aliyeingia Itundwe kijana, akaoa, akazeekea hapo, na kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi ni watani, kila Mnyamwezi alipokufa kijijini, kazi ya mzaha wa mazishini ilikuwa yake. Alivaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, akaingia kaburini kabla ya maiti na kugoma kutoka mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu chochote. Kisha alitoka, marehemu akazikwa, na mzaha ukaishia hapo. Nyanzobe alimkuta nyuma ya nyumba yake akichonga mzinga, huu wa nyuki wa kweli.

"Karibu, mpagazi," alisema bila kuinua kichwa. "Mababu zako walibeba pembe za watu mpaka pwani, wakarudi hawana hata jino. Wewe umebeba nini?"

"Nimekuletea uji, maana Mgogo hakosi kuomba." Alijibu kama inavyopasa, kisha akaacha utani. "Mzee Malogo, ile sauti ya msituni ni yako."

Tezo ikasimama hewani. Mzee akaiweka chini taratibu.

"Ni yangu," alisema. "Wenzako walikuja na mashine yao, wakasema leteni sauti ya marehemu. Tukawapa ya mazishini, ile mpwa wangu aliyorekodi. Siku ile marehemu si nilikuwa mimi?"

"Na hakuna aliyewaambia?"

"Wawaambie nini? Koti lake nilivaa. Ndala zake nilivaa. Mama yako mwenyewe aliniita bwana. Hivi huku kwetu ungeulizwa Lusotola yuko wapi siku ile, ungeonyesha maiti iliyolala kimya au mimi niliyekuwa nagombana na watu? Na kingine, baba yako alikuwa hasemi. Ungerekodi nini, kukohoa?"

Ilikuwa kweli. Ofisi ilikuwa na jumbe chache za simu za Lusotola mwenyewe, fupifupi, zote zikiishia njiani. Msemaji alikuwa amejengwa juu ya mzaha wa Malogo kwa sababu mzaha ulikuwa na maneno mengi zaidi, na kwa kuwa kaburi lilichimbwa ukingoni mwa kitalu cha mashariki, lile "hapa hapaingiliki" likawa katazo la kitalu hicho. Nyanzobe alikumbuka safari zake zote za kukagua, jinsi alivyokuwa akikaa chini ya miti na kueleza mambo yake, posa aliyoikataa, uchovu wake, na jinsi sauti ilivyomtania mpaka akacheka na kujisikia ana baba. Aliona aibu, kisha akaona uchungu, kama aliyefiwa upya.

"Unajua kinachonitesa?" Malogo alisema. "Kila nikienda kukata fito najisikia mwenyewe nikiwa nimekufa. Mke wangu haendi tena msituni. Anasema akirudi nyumbani ananiogopa."

"Kwa nini hukukombolewa?"

"Muulize mama yako. Niliomba kuku, akakataa. Nikashuka mpaka yai, akakataa. Nikaomba unyoya, nikaomba jani la mti, maana mvua ilikuwa inaingia kaburini na wazee wamekasirika. Akakataa. Mwisho wakanivuta mkono, nikatoka hivyohivyo. Koti lake ninalo ndani, sijui nimrudishie nani."

Kuku walikuwa wanaparua vumbi karibu na miguu yao. Nyanzobe alipima mambo. Akiripoti ofisini, Msemaji atafutwa na Itundwe itarudi nyuma ya foleni. Na kijiji kisicho na Msemaji hukabidhiwa mkandarasi wa mjini, anayeweka uzio na kuwatoa watu. Itachukua kiangazi kizima, na nyasi hazingojei foleni ya mtu. Lakini ile mashine ilimjua Malogo kuwa ndiye mwenye sauti. Malogo akisema amekombolewa, katazo litaondoka. Kanuni ya kwanza ya mpango ilikataza jambo hilohilo: aliye hai asiseme kwa niaba ya Msemaji. Kanuni angeweza kuivunja na akalala usingizi. Kilichomshinda ni kingine.

"Anayetoa lazima awe mama?"

"Mfiwa yeyote. Wewe si mfiwa?"

"Mama hajakubali."

"Ndiyo maana sikukuita," alisema Malogo, akaokota tezo yake. "Mimi ni mtani. Kucheka nitacheka na kila kitu. Kumtoa mtu mumewe mikononi, hiyo si kazi ya utani."

*

Asubuhi upepo ulikuwa umegeuka kweli. Nyanzobe aliamka na vumbi kavu puani, akaenda kumsihi mama yake mara ya mwisho. Alipiga magoti. Alisema kila kitu isipokuwa jina la Malogo. Bi Nshoma alimsikiliza mpaka mwisho, akampa karanga za kukaanga azile njiani.

"Mwanangu, kuna watu wanangojwa na kazi, na kuna watu wanangojwa na watu," alisema. "Nenda kazini."

Nyanzobe akaenda kumchukua Malogo.

Mzee alifika chini ya mninga amevaa koti la kaki lenye matundu ya cheche za moshi wa nyuki. Alipolivaa alibadilika mabega. Akashusha kidevu, akatembea kwa kuchechemea kidogo, na mwendo ule ulikuwa wa baba yake Nyanzobe kabisa. Wanaume wa kijiji walisimama kwa mbali wakiwa na mienge yao isiyowashwa.

"Nipeni changu!" Malogo alipaza sauti. Juu ya miti yote sauti yake mwenyewe ikamwitikia: "Nipeni changu!"

"Nakupa kuku, baba."

"Kuku wenu wana kideri! Sitoki!"

"Nakupa viatu vyangu."

"Vinanuka ofisi! Sitoki!" Watu wakacheka kidogo, wakajizuia. Malogo alimtazama machoni, na macho yake hayakuwa yanacheka. "Nataka hicho kinachoning'inia shingoni."

Nyanzobe akaushika ufunguo. Bila huo hakuwa ofisa wa chochote, na aliyekuwa nao angeweza kuuliza asili ya kila neno ambalo msitu unasema kwa jina la Itundwe. Alidhani mzee anatania. Kisha akaona hatanii hata kidogo, na akaona pia kwamba alikuwa na haki. Muda wote huo ofisi iliwapa watu hawa mdomo wa kuulizia, na masikio ikabaki nayo yenyewe.

"Nikishatoa hakirudi?"

"Umewahi kuona mtani akirudisha?"

Alipitisha kamba juu ya kichwa chake, akauweka kwenye kiganja cha mzee.

Malogo aliuinua kwa watu, kisha akauegemeza uso wake kwenye gome la mninga. Alisema polepole, bila kelele za mzaha. "Nimepewa changu. Binti yangu amenikomboa. Nakwenda zangu. Msitu ni wenu, wapeni wanaouliza."

Mti ukarudia. "Nimepewa changu. Binti yangu amenikomboa." Mti wa pili ukarudia, na wa tatu, sauti ikienda mashariki kama mtu anayetembea bila haraka huku anaaga nyumba kwa nyumba. Iliwapita juu, ikaingia kitaluni, ikafika mahali kilipokuwa kibanda, na huko ikakawia. Halafu ikaendelea, ikawa ndogo, ikaisha. Ndege walikuwa wamenyamaza, na hata nyasi hazikusikika.

Mzinga juu ya vichwa vyao ukasema tena, kwa sauti ileile lakini isiyo na mtu ndani yake. "Kitalu cha mashariki kimefunguliwa. Chomeni kuanzia upande wa mto. Chomeni leo."

Malogo akavua koti. Alilikunja vizuri, akamkabidhi Nyanzobe, akawa mzee wa Kigogo anayesikia baridi.

*

Walipokuwa wanawasha mienge, Bi Nshoma alitokea kwenye nyasi, mkeka kichwani na chungu mkononi. Wanaume wakampisha. Alitembea moja kwa moja mpaka mninga, akaweka vitu chini, akaugusa mti kwa kiganja, akangoja. Alingoja muda mrefu. Moshi wa kwanza ukaanza kuinuka upande wa mto, mweupe, wa chini, kama moshi unavyotakiwa kuwa.

"Nani ametoa?" aliuliza bila kugeuka.

"Mimi, mama."

"Ulimwona Malogo amevaa koti?"

Mama yake akageuka.

"Unadhani sikujua? Nimelala na baba yako ujana wangu wote, nisiijue sauti yake? Nilijua tangu kule kaburini." Alipangusa kiganja chake kwenye nguo. "Lakini baba yako mwenyewe hakuwahi kuniambia njoo. Alikuwa mtu mwema, alinilisha, hakunipiga, na hakuwahi kuniambia njoo, huku baridi. Nikasikia nikiambiwa, mbele za watu, kwa jina lake. Wewe ungetoa unyoya ili anyamaze?"

"Ungeungua, mama."

"Ningeungua," alikubali Bi Nshoma.

Akafungua kanga ya kichwani, akajifunga nayo kiunoni kama wafungavyo wafiwa, akaketi chini kwenye vumbi la njia. Kisha akalia. Alilia kilio cha siku ya kwanza, kile cha kuita jina, na wanawake waliokuwa mbali wakakisikia wakaja wakikimbia, wakaketi kumzunguka. Nyanzobe alisimama na koti mikononi, hajui kama ana ruhusa ya kukaribia, mpaka mama yake aliponyoosha mkono akamvuta chini kando yake.

"Pole kwa msiba, mwanangu," alisema Bi Nshoma. "Hukuwepo, sikupata kukupa pole."

Nyanzobe akalia kwa sauti, mbele za watu wote, bila aibu ya ofisa. Moto ulikuwa unapita kitaluni taratibu, unakula nyasi na kuacha miti. Ulipofika kwenye kibanda kikawaka mara moja, na mama yake hakugeuza kichwa kukitazama.

"Siku yangu ikifika," alimwambia sikioni, "nikomboe mapema."